Kwa nini Wakristo humwita Mungu "Baba"?

Kwa Waswahili wengi wa pwani ya Kismayo na visiwa vya Wabajuni, neno hilo husikika kupitia ukuta wa jirani. Makala hii inaeleza asili yake, wanachokikusudia Wakristo wanapolitamka, na mahali ambapo Uislamu na Ukristo hutengana juu yake.

Kati ya mji wa Kismayo na Rasi Kiamboni, karibu na mpaka wa Kenya, kuna msururu wa visiwa ambavyo Wabajuni wamevikaa kwa karne nyingi: Koyama, Chovai, Chula na vingine vidogo zaidi. Wenyeji wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na magofu ya misikiti ya mawe yaliyomo humo yanashuhudia ukongwe wa dini hiyo katika mwambao huo. Katika maisha ya kawaida ya visiwani, Ukristo ulikuwa ni habari ya mbali.

Vita vilivyozuka mwaka 1991 vilibadili hali hiyo. Maelfu ya Wabajuni walikimbilia Kenya, wengi wao kwa njia ya bahari, wakafika Lamu, Malindi na Mombasa. Baadhi yao walikaa miaka kadhaa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, kabla ya kambi hiyo kufungwa. Huko ugenini walikuta Wakristo wanaozungumza Kiswahili hichohicho, wanaonunua samaki soko lilelile na kusomesha watoto katika shule zilezile. Na katika sala za majirani hao, neno moja lilirudiwa kuliko mengine: Baba.

Kwa sikio la Mwislamu, neno hilo linapotajwa kwa Mwenyezi Mungu huleta maswali mazito. Je, Wakristo wanaamini kuwa Mungu alizaa kama binadamu? Je, wanamfananisha Muumba na kiumbe? Majibu yake yanahitaji kutazama Ukristo unavyojieleza wenyewe.

Neno la kale kuliko Ukristo

Kumfananisha Mungu na mzazi hakukuanza na Wakristo. Katika maandiko ya Wayahudi, ambayo Wakristo huyaita Agano la Kale, jambo hilo limo, ingawa halikukithiri. Zaburi ya 103 inalinganisha huruma ya Mungu kwa wamchao na huruma ya baba kwa watoto wake. Nabii Hosea anamweleza Mungu kama mzazi anayemshika mtoto mikono na kumfundisha kutembea, kisha akaumia moyo mtoto huyo alipomwasi. Kitabu cha Isaya kinamwita Mungu baba waziwazi, na mahali pengine kinaifananisha faraja yake na ya mama.

Kilichobadilika katika Injili ni wingi wa neno hilo na uzito wake. Yesu, ambaye Waislamu humjua kama Nabii Isa, anaelezwa kuwa alimwita Mungu Baba karibu kila alipoomba. Neno alilolitumia, Abba, ni la Kiaramu, lugha ya watu wa Palestina ya wakati ule. Waandishi wa Agano Jipya, walioandika kwa Kigiriki, walilihifadhi neno hilo la Kiaramu mahali patatu: katika Injili ya Marko na katika nyaraka za Paulo kwa Warumi na kwa Wagalatia.

Wataalamu wamejadiliana sana juu ya neno hilo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa Abba ni neno la mtoto mdogo anayejifunza kusema. Mwaka 1988 mtaalamu wa maandiko James Barr alionyesha kwamba watu wazima pia walilitumia kwa wazazi wao, kwa heshima kamili. Msemaji wa Kiswahili halioni jambo hilo kuwa gumu, kwani neno lake la "baba" liko hivyohivyo: hutamkwa na mtoto wa miaka miwili na hutamkwa na mzee wa miaka hamsini anapoingia chumbani kwa mzazi wake kumwamkia. Ukaribu na heshima vimo ndani ya neno moja.

Sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, iliyomo katika Injili za Mathayo na Luka, huanza kwa neno hilo, na kwa Kiswahili hujulikana kwa jina la Baba Yetu. Ndani yake mna kulitukuza jina la Mungu, kuomba ufalme wake, riziki ya siku, msamaha na kinga dhidi ya uovu. Anayeisali humwita Mungu baba wa wote walio pamoja naye, wala hamwiti wake peke yake. Na ombi la msamaha linamfunga naye kuwasamehe waliomkosea. Mtunzi wa muziki Christopher Tin aliitia sala hiyo ya Kiswahili katika wimbo uliopata tuzo ya Grammy mwaka 2011, na hivyo maneno hayo mawili yakajulikana hata kwa watu wasiojua neno jingine la Kiswahili.

Baba aliyepiga mbio

Mkristo anapoulizwa Mungu ni baba wa namna gani, mara nyingi hujibu kwa kisa kilicho katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Kijana mdogo wa familia anamwendea baba yake na kudai fungu lake la urithi. Kwa watu wa mwambao wanaoijua sheria ya mirathi, uzito wa dai hilo hauhitaji maelezo: mali haigawiwi mwenyewe yu hai. Kudai urithi mapema ni sawa na kumwambia mzazi kuwa amechelewa kufa.

Baba anaigawa mali. Kijana anasafiri mbali na kuitapanya yote. Njaa inapoingia anaishia kuchunga nguruwe, mnyama aliye najisi kwa Wayahudi kama alivyo kwa Waislamu. Msikilizaji wa Kibajuni huenda akakielewa kina cha fedheha hiyo kuliko Mkristo wa Ulaya. Hatimaye kijana anaamua kurudi, akiwa amejiandalia maneno ya kuomba apokewe kama kibarua tu.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Baba anamwona angali mbali, na anapiga mbio kumlaki. Katika jamii ile mzee mwenye heshima hakimbii, huendewa. Kabla kijana hajamaliza maneno yake, anavishwa joho, pete na viatu, na ndama anachinjwa. Kaka mkubwa, ambaye hakuwahi kutoroka, anakasirika na kukataa kuingia karamuni, na baba anatoka kumbembeleza yeye pia. Kisa kinakatika hapo. Msikilizaji haambiwi kama kaka aliingia.

Kutokana na kisa hiki Wakristo hufundisha mambo mawili. La kwanza, upendo wa Mungu hautolewi kama ujira wa mwema, bali humtangulia mkosaji na kumngoja. La pili, aliyebaki nyumbani anaweza kuwa mbali na moyo wa baba yake kuliko aliyepotea. Waraka wa kwanza wa Yohana unafika hadi kusema kuwa Mungu mwenyewe ni upendo, na kwamba asiyempenda ndugu yake anayemwona hawezi kudai kumpenda Mungu asiyemwona.

Mahali dini mbili zinapoachana

Uislamu haulikubali jina hilo. Miongoni mwa majina 99 mazuri ya Mwenyezi Mungu, Baba halimo. Surat al-Ikhlas, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mwanzo kabisa, inakana kuwa Mwenyezi Mungu ana mzazi au mwana, au kwamba kuna anayefanana naye. Surat al-Maida inawajibu Mayahudi na Wakristo waliodai kuwa wao ni wana wa Mungu na wapenzi wake: wao ni watu tu, miongoni mwa wale aliowaumba.

Hata hivyo, kukana jina la Baba si kukana huruma. Karibu kila sura ya Kurani hufunguliwa kwa Rahman na Rahim, na katika majina yale 99 limo pia al-Wadud, Mwenye upendo. Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari inaeleza jinsi Mtume alivyowaonyesha masahaba mama aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu ni mwenye huruma zaidi kwa waja wake kuliko mama yule kwa mwanawe. Uislamu, basi, unaweza kutumia huruma ya mzazi kama mfano, lakini hauifanyi kuwa jina.

Tofauti nyingine ni nafasi ya binadamu. Katika Uislamu heshima kuu ya mtu ni kuwa mja. Ndiyo maana majina kama Abdalla na Abdulrahman yamejaa katika kila mji wa mwambao. Katika Ukristo, mtume Paulo anawafundisha waumini kuwa wamepokewa kama wana. Mfano wake ulitokana na sheria ya Kirumi, ambamo mtoto wa kupanga alipata jina la baba mpya na haki kamili ya kurithi. Sheria ya Kiislamu inahimiza sana kulea yatima, lakini inataka mtoto abaki na nasaba ya baba yake wa kuzaliwa. Kwa sababu hiyo, mfano unaomfariji Mkristo unaweza kumfikia Mwislamu kama jambo lisiloingia akilini.

Kuna pia suala la Yesu kuitwa Mwana wa Mungu. Hapa Wakristo na Waislamu wanakubaliana katika jambo moja linalosahauliwa: wote wawili wanakana kuwa Mungu ana mke au kwamba alizaa kwa mwili. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliweka imani ya Kikristo kuwa Mwana anatoka kwa Baba pasipo mwanzo, na kwamba yeye si kiumbe. Lakini makubaliano hayo yana mpaka. Kwa Mkristo, kumwita Yesu Mwana ni zaidi ya heshima au fumbo la lugha. Ni msingi wa imani. Kwa Mwislamu, Isa ni nabii mtukufu, na kumpa uungu ni kukiuka tauhidi. Mazungumzo ya kweli baina ya majirani hayawezi kuuficha mpaka huo.

Maneno ya nyumba moja

Kiswahili chenyewe kinasaidia kueleza jinsi Wakristo wanavyolielewa neno lao. Katika lugha hii, baba si aliyezaa peke yake. Kaka wa baba ni baba mkubwa, mdogo wake ni baba mdogo, na mtoto huwatii wote. Aliyemlea mtoto asiye wake ni baba mlezi. Tanzania inamwita Julius Nyerere Baba wa Taifa, na hakuna anayeuliza nasaba. Neno "mwana" nalo limepanuka vivyo hivyo: mwanafunzi, mwanamaji na mwananchi si watoto wa mtu fulani. Hata Kiarabu cha Kurani humwita msafiri ibn as-sabil, mwana wa njia.

Watafsiri wa Biblia waliingia katika lugha ambayo tayari ilikuwa imelelewa na Uislamu. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa, akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Mwaka huohuo aliwazika hapo mkewe Rosine na binti yao mchanga. Edward Steere aliendeleza kazi ya tafsiri Unguja, na Biblia nzima kwa Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Ya Kimvita ilifuata mwaka 1914, na ile ya muungano iliyoenea Afrika Mashariki nzima ilichapishwa mwaka 1952.

Katika tafsiri hizo, maneno kama sala, dua, toba, rehema, dhambi, malaika na imani yalichukuliwa jinsi yalivyokuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani. Safari ya maneno ilikwenda pande zote mbili: mwaka 1923 padri wa Kianglikana Godfrey Dale alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar akachapisha yake nzima mwaka 1969. Mwislamu wa Chula na Mkristo wa Rabai wanapozungumza habari za Mungu, sehemu kubwa ya msamiati wao ni mmoja. Neno Baba ni miongoni mwa machache yasiyoshirikiwa.

Habari hizo zilipofika Kismayo

Ukristo wa kimisionari ulifika Kismayo mwishoni mwa karne ya 19 kupitia Walutheri wa Sweden, wakati Jubaland ilipokuwa chini ya Uingereza. Eneo hilo lilipewa Italia mwaka 1925, na miaka kumi baadaye utawala wa Kiitaliano uliwafukuza Waswedeni hao. Waliowasikiliza zaidi hawakuwa Wabajuni wala Wasomali wa koo kubwa, bali watu wa bonde la Jubba, wengi wao wakiwa na asili ya utumwa.

Jambo hilo lina mfano wake kusini zaidi. Bagamoyo, Mbweni ya Unguja na Freretown ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875, zilikuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani, wakiwamo watoto walionyakuliwa kwao wakiwa wadogo mno. Kwa mtu asiyejua tena jina la baba yake, mafundisho ya kwamba ana baba asiyeweza kuuzwa wala kufa yalikuwa na maana tofauti na aliyoyapata mtoto wa nyumba yenye nasaba ndefu. Lakini historia hiyohiyo ina upande wake wa uchungu: wamisionari waliohubiri Mungu mwenye upendo wa baba mara nyingine waliwatawala waumini wao kama watoto wasiokua.

Maswali hayo yameendelezwa na Waafrika wenyewe. John Mbiti wa Kenya alionyesha katika maandishi yake kuwa jamii nyingi za Afrika zilimwita Mungu baba, na baadhi mama, kabla ya wamisionari kufika. Charles Nyamiti wa Tanzania alimweleza Kristo kwa lugha ya wahenga katika kitabu alichokichapisha mwaka 1984. Wanawake wa mtandao wa wanateolojia Waafrika uliozinduliwa Accra mwaka 1989, akiwamo Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, wameuliza neno hilo linamwambia nini binti aliyepigwa au kutelekezwa na baba yake. Jibu ambalo makanisa mengi hulitoa ni kuwa Mungu hapimwi kwa kipimo cha baba wa duniani. Baba wa duniani ndiye anayepimwa kwa kipimo cha Mungu.

Neno lililojaribiwa

Nchini Somalia leo, Wakristo wenyeji ni wachache mno na huishi kwa siri. Katiba ya muda ya mwaka 2012 inaufanya Uislamu kuwa dini ya taifa na inakataza kueneza dini nyingine. Askofu Salvatore Colombo aliuawa ndani ya kanisa kuu la Mogadishu tarehe 9 Julai 1989. Kismayo ilipotekwa na al-Shabaab mwezi Agosti 2008, mwaka huo huo kanisa la zamani la Kikatoliki mjini humo lilibomolewa, na makaburi ya mashehe wa Kisufi nayo hayakusalimika. Wanaozuru makaburi na wanaosali kanisani walipata hasara kwa mikono ileile.

Tukio la tarehe 17 Septemba 2006 ndilo Wakristo wa ukanda huu hulitaja wanapotaka kueleza imani yao kwa Baba mwenye upendo inavyoishiwa. Sista Leonella Sgorbati wa shirika la Consolata, Mwitaliano aliyefanya kazi ya uuguzi Kenya kwa miongo mitatu na zaidi kabla ya kwenda kufundisha wauguzi Mogadishu, alipigwa risasi akitoka hospitalini. Mlinzi wake, Mohamed Mahmud, Mwislamu, aliuawa pamoja naye alipojaribu kumkinga. Waliokuwa karibu na sista huyo katika dakika zake za mwisho walisimulia kuwa alirudia mara tatu kwamba anasamehe. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri tarehe 26 Mei 2018.

Wakristo husoma katika maneno yake ya mwisho ile sala ya Baba Yetu, inayoomba msamaha na kuahidi kusamehe. Waislamu wanaweza kusoma katika kifo cha Mohamed Mahmud mafundisho ya dini yao juu ya amana na ulinzi wa jirani. Hakuna kati yao aliyelazimika kuikubali itikadi ya mwenzake ili wafe upande mmoja.

Mwaka 2007 wanazuoni 138 wa Kiislamu kutoka nchi mbalimbali waliwaandikia viongozi wa Kikristo barua iliyotaja mambo mawili yanayopatikana katika dini zote mbili: kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Barua hiyo haikulitumia jina la Baba, na haikuwataka Wakristo waliache.

Katika shule za Kenya, watoto wa wakimbizi wa Kibajuni hutengana na wenzao kipindi cha dini kinapofika, kwa kuwa mtaala una somo la Kiislamu, la Kikristo na la Kihindu. Kipindi kikiisha hukutana tena uwanjani. Mtoto anayerudi nyumbani akiuliza kwa nini rafiki yake humwita Mungu Baba anaweza kujibiwa kwa uaminifu: rafiki yake anamaanisha Mungu anayemjali, anayemngoja akikosea na anayemtaka asamehe, hamaanishi Mungu aliyezaa kama wanadamu. Anaweza pia kuambiwa, kwa uaminifu uleule, kwa nini nyumbani kwao jina hilo halitumiki, na kwamba wao humwita Mwenyezi Mungu Rahman na Rahim.